Florence Nightingale na Elimu ya Uuguzi

Zamani katika nchi ya Uingereza kazi ya kuuguza wagonjwa hospitalini haikuwa na heshima. Wengi walioifanya walikuwa wanawake maskini wasiojua kusoma, na baadhi yao walikuwa walevi. Hapakuwa na shule ya kuwafundisha, maana watu walidhani kwamba kuuguza si kazi ya elimu. Aliyeigeuza fikira hiyo kuliko wengine wote ni Florence Nightingale.

Alizaliwa tarehe 12 Mei 1820 katika mji wa Florence, nchi ya Italia, akaitwa kwa jina la mji huo. Wazazi wake walikuwa Waingereza matajiri. Baba yake alimfundisha mwenyewe lugha nyingi, na binti huyo alipenda sana hesabu. Lakini alipowaambia wazazi wake kwamba ataka kuwa mwuguzi, walimkataza. Hakukata tamaa. Kwa miaka kadhaa aliamka kabla ya mapambazuko, akasoma habari za hospitali za nchi mbalimbali. Mwaka wa 1851 alikwenda Kaiserswerth, katika Ujerumani, akafundishwa uuguzi muda wa miezi mitatu. Mwaka wa 1853 akawa msimamizi wa hospitali ndogo ya wanawake mjini London.

Mwaka wa 1854 Waingereza, Wafaransa na Waturuki walikuwa wakipigana na Warusi katika Crimea. Askari wa Kiingereza walioumia au kuugua walivushwa kwa merikebu mpaka hospitali ya Scutari, ng'ambo ya mji wa Constantinople, ambao leo huitwa Istanbul. Serikali ikampeleka Florence huko pamoja na wanawake 38, wakafika mwezi wa Novemba. Waliwakuta wagonjwa wamejaa vyumbani na ushorobani, wengine wamelala chini, wamevaa nguo zenye damu na chawa. Sabuni ilikuwa haba, na shuka hazikutosha. Wanawake wale wakasugua sakafu, wakafua nguo, wakapika vyakula laini, wakafunga vidonda. Usiku Florence alipita kati ya vitanda na taa mkononi, akiwatazama wagonjwa.

Hata hivyo askari walizidi kufa. Wengi wao hawakuuawa na risasi, bali na kipindupindu, kuhara damu na homa. Mwezi wa Februari 1855, katika kila wagonjwa 100, walikufa wapatao 42. Ndipo serikali ilipotuma wakaguzi, wakafika mwezi wa Machi. Wakaona kwamba hospitali ile imejengwa juu ya mifereji ya maji machafu iliyoziba. Wakaizibua mifereji, wakaondoa takataka na mizoga ya wanyama, wakayatengeneza maji ya kunywa, wakapaka kuta chokaa, wakafanya njia za kuingiza hewa safi. Mwezi wa Juni, katika kila wagonjwa 100, walikufa wapatao 2 tu.

Huruma ya wauguzi mwezi wa Juni haikupita ile ya mwezi wa Februari. Kilichobadilika ni usafi. Florence aliporudi Uingereza mwaka wa 1856 alizihesabu maiti za vita, mwezi kwa mwezi na sababu kwa sababu, akisaidiwa na mjuzi wa hesabu, William Farr. Kisha akachora picha ya rangi, ili wakubwa wa serikali waone kwa mara moja ni wangapi waliokufa kwa maradhi yaliyoweza kuzuiwa. Wahenga husema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Maisha ya watu nayo ni vivyo hivyo.

Mwaka wa 1859 alitoa kitabu juu ya kuuguza wagonjwa. Humo alieleza kwamba dawa pekee haimponyi mtu. Mwili wenyewe hujiponya, na kazi ya mwuguzi ni kumweka mgonjwa katika hali itakayousaidia mwili: hewa safi, mwanga, maji safi, chakula kifaacho, usafi na utulivu. Tena mwuguzi hana budi kutazama kwa makini na kusema kweli juu ya alichokiona, wala si kubahatisha.

Baada ya vita watu walichanga fedha kwa kumheshimu Florence. Kwa fedha hizo shule ya wauguzi ilifunguliwa mwaka wa 1860 katika hospitali ya St Thomas', London, ikiwa na wanafunzi 15. Walisoma mwaka mmoja: kuosha wagonjwa, kufunga vidonda, kumgeuza asiyejiweza, na kutazama mapigo ya damu na pumzi. Waliofuzu waliajiriwa hospitalini, na wengine wakawa walimu na wasimamizi. Lucy Osburn, aliyefundishwa katika shule hiyo, alivuka bahari pamoja na wenzake watano, akafika Sydney, katika Australia, mwaka wa 1868, akaanzisha huko mafunzo ya uuguzi.

Florence alifariki tarehe 13 Agosti 1910, mwenye umri wa miaka 90. Siku aliyozaliwa huadhimishwa duniani kuwa siku ya wauguzi. Leo wauguzi, wanawake kwa wanaume, husomea kazi yao vyuoni na kufanya mitihani. Wengine hutunza wagonjwa hospitalini, wengine ni wakunga, wengine huwaendea wagonjwa nyumbani, wengine hufundisha. Huruma humleta mtu penye kitanda cha mgonjwa. Elimu humwonyesha la kufanya akiisha kufika.

MASWALI

1. Kwa nini watu wa zamani hawakuwafundisha wauguzi?
2. Askari wengi wa Scutari waliuawa na nini?
3. Ni nini kilichopunguza vifo kati ya Februari na Juni 1855?
4. Hesabu zilimsaidiaje Florence katika kazi yake?
5. Taja kazi nne za wauguzi wa leo.