Kutoka Uwanjani Hadi Sokoni: Semi za Michezo katika Kiswahili cha Migori na Homa Bay

Utangulizi

Kila jamii huchota semi zake katika michezo inayoipenda. Kiingereza cha Marekani kimenufaika na besiboli, cha Uingereza na kriketi. Katika kaunti za Migori na Homa Bay, Kiswahili kimenufaika zaidi na kandanda. Klabu ya Gor Mahia, iliyoundwa mwaka 1968, ilipewa jina la mganga mashuhuri wa Kanyamwa, katika eneo ambalo leo ni kaunti ya Homa Bay. Nayo SoNy Sugar ya Awendo, Migori, ilitwaa ubingwa wa ligi kuu ya Kenya mwaka 2006. Kwa wakazi wengi ambao lugha yao ya kwanza ni Dholuo au Kikuria, matangazo ya mpira redioni, ya watangazaji kama marehemu Leonard Mambo Mbotela, yalikuwa darasa la Kiswahili lisilo na ada.

Hata hivyo, baadhi ya walimu huzikata semi hizi kwa kalamu nyekundu, wakiziita lugha ya mitaani. Makala hii inashikilia kwamba hukumu hiyo ya jumla haifai, kwa kuwa semi hizo si za aina moja.

Semi zilizokwenda uwanjani na kurudi

Kundi la kwanza ni la maneno ambayo Kiswahili kiliuazima uwanja. Kitenzi kuchenga humaanisha kukwepa kwa hila. Uwanjani, mchezaji humpiga mpinzani chenga. Sokoni, muuza omena husema mdeni wake amempiga chenga. Kuotea nako ni kuvizia, kama mwindaji amwoteavyo mnyama. Kandanda ikalichukua neno hilo kumweleza mshambuliaji anayesubiri mpira nyuma ya mabeki.

Neno bao lina safari ndefu zaidi. Ni ubao wenye mashimo 32, unaochezewa kete 64. Neno hilo likaja kumaanisha pia goli, na leo mfanyabiashara hodari huwapiga wenzake bao. Mwanafunzi Mjaluo hana sababu ya kuliona geni: kwao kuna ajua, mchezo wa ukoo huo huo wa kete na mashimo.

Vivyo hivyo, "lala salama" ni maagano ya usiku. Watangazaji wakapata dakika za lala salama, na wanasiasa nao wakapata kampeni za lala salama.

Semi zilizozaliwa uwanjani

Kundi la pili lilitokana na mchezo wenyewe. Kadi nyekundu, iliyoanza kutumika katika Kombe la Dunia mwaka 1970, sasa hupewa hata mchumba asiyetakiwa. Kupiga danadana ni kuuchezea mpira bila kuuacha uguse chini. Mwananchi anayetumwa kutoka ofisi moja hadi nyingine kwa siku tatu hulalamika kwamba anapigwa danadana. Katika kujifunga bao, kiambishi -ji- kimebeba maana yote: mtendaji ndiye mtendwa. Semi hizi zinafuata sarufi ya Kiswahili bila kasoro.

Semi zilizotafsiriwa

Kundi la tatu ni la tafsiri sisisi. Anayesema "mpira uko upande wako wa uwanja" akimaanisha kwamba uamuzi ni wa mwenzake, ametafsiri usemi wa Kiingereza uliotokana na tenisi. Hapa mwalimu ana haki ya kusita, kwani Kiswahili kina njia zake za kusema hivyo: "shauri yako", au "kazi kwako".

Hitimisho

Kabla ya kuukata usemi, mwalimu na ajiulize maswali matatu. Je, mzizi wake umo katika Kiswahili? Je, unanyambulika na kuchukua viambishi kama semi nyingine? Je, unaafiki muktadha? Swali la tatu ni muhimu, kwa maana usemi unaopendeza katika mazungumzo ya insha huenda usifae katika barua rasmi. Hilo ni suala la sajili, wala si la usanifu.

Mwanafunzi wa Awendo anayeandika kwamba umaskini "umempiga chenga" kila aliyejaribu kuukamata ametumia Kiswahili, tena kwa ustadi. Tukimnyima alama, tutakuwa tumemfundisha kwamba lugha aliyoisikia nyumbani si lugha. Ni jukumu letu sisi wanafunzi wa Kiswahili kuzikusanya semi hizi, kuzipanga kwa makundi na kuzieleza, ili mwalimu apate mahali pa kurejelea kabla ya kuinua kalamu.