Ukinunua SUV ya familia, kamera ije mwisho

Kwenye yadi za Dar es Salaam na Mombasa, Subaru Forester, Toyota Harrier, Nissan X-Trail na Mazda CX-5 zilizotoka Japani siku hizi zinanadiwa kwa kamera zake. Muuzaji anakuonyesha macho mawili ya EyeSight ya Subaru juu ya kioo cha mbele, au anakutajia Toyota Safety Sense, na bei inapanda. Sipingi teknolojia hizo. Ninachopinga ni utaratibu wa kuzinunua. Kwa familia inayosafiri kwenye barabara zetu, pesa ya usalama iende kwanza kwenye vitu ambavyo havihitaji barabara iwe nzuri ndipo vifanye kazi: matairi, mikanda, breki, na mfumo wa kuzuia gari lisiserereke. Kamera ije baada ya hapo, tena ikishathibitika kwamba bado inaona.

Nianze na mfumo huo wa kuzuia kuserereka, maana ndio unaosahaulika. Toyota huuita VSC, Subaru na Nissan huuita VDC, Mazda DSC; jina la jumla ni ESC. Kihisi kimoja kinasoma usukani umekatwa kiasi gani, kingine kinasoma gari lenyewe linageuka kiasi gani. Majibu hayo yakipishana, yaani dereva kakata kushoto lakini gari linazidi kwenda mbele, au kitako kinatoka nje ya kona, kompyuta inakamata breki ya gurudumu moja, lile litakalorudisha pua ya gari njiani, na kupunguza nguvu ya injini. Mercedes-Benz na Bosch waliuingiza sokoni mwaka 1995. Mwaka 1997 A-Class, gari fupi lenye kimo kirefu, ilipinduka Sweden kwenye jaribio la kukwepa kizuizi kwa ghafla, na kampuni ikaamua kuweka ESC kwenye A-Class zote. Jaribio lile ndilo tunalolifanya bila kukusudia kati ya Chalinze na Segera: bodaboda inaingia barabarani, dereva anakata kulia, anakuta lori mbele yake, anarudisha kushoto. Ile mikato miwili inayofuatana ndiyo hupindua gari ambalo uzito wake uko juu, na SUV ni gari la namna hiyo. IIHS, taasisi ya Marekani inayogharimiwa na kampuni za bima, ilikuta kwamba ESC inapunguza kwa karibu nusu hatari ya ajali za vifo zinazohusisha gari moja peke yake, na faida kubwa zaidi inaonekana kwenye kupinduka.

Lakini ESC hutumia mshiko wa tairi uliopo. Tairi likiwa kipara au limekauka, kompyuta haina cha kushika. Kwa hiyo chuchumaa usome ubavu wa kila tairi. Utakuta herufi DOT na mwisho wake tarakimu nne: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira huzeeka hata kama kashata zake bado zina kina. Angalia pia kama limeandikwa STUDLESS. Hayo ni matairi ya theluji, mpira wake laini umetengenezwa kwa baridi ya mikoa kama Hokkaido, na magari mengi hushushwa bandarini yakiwa nayo. Yanapendeza kwa macho kwa sababu yana mikato mingi na huonekana mapya, lakini kwenye lami ya moto huisha haraka, na kwenye lami yenye maji huchelewa kusimama. Yabadilishe kabla ya safari ndefu ya kwanza. Shokapu nazo zisipuuzwe, kwa sababu tairi linalorukaruka kwenye rasta halishiki chochote. Na wanaopenda kuinua Harrier kwa kuongeza spesa wajue kwamba wanapandisha ule uzito ambao ESC ilihesabiwa kuudhibiti. Keria iliyosheheni mizigo juu ya paa inafanya vivyo hivyo.

Mkanda wa pointi tatu, aliobuni Nils Bohlin wa Volvo mwaka 1959, bado haujapata mpinzani. Shirika la Afya Duniani linasema unaweza kupunguza hatari ya kifo kwa hadi nusu. Uvute wote mpaka mwisho, uukague kama umechanika, kisha uachie uone kama unarudi wenyewe. Na ukaguzi huo usiishie kwa dereva, fika mpaka mkanda wa katikati ya kiti cha nyuma. Mtoto mdogo apate kiti chake, kifungwe kwenye vyuma vya ISOFIX vilivyojificha kati ya egemeo na kikalio, au kwa mkanda kama mtengenezaji wa kiti anavyoelekeza. Kumpakata si ulinzi. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa likisimama ndani ya sehemu ya kumi ya sekunde, mtoto wa kilo 10 anavuta mikono yako kama mzigo wa zaidi ya kilo 140. Hakuna mzazi mwenye mikono ya kushika hivyo.

Mfuko wa hewa unahitaji uangalifu wa pekee kwetu sisi wa Pwani. Mifuko ya Takata, kampuni ya Japani iliyofilisika mwaka 2017, ilitumia amonia naitreti, kemikali inayoharibika inapokaa miaka mingi kwenye joto na unyevu. Ikiharibika, kopo lake linaweza kupasuka mfuko unapofumuka na kurusha vipande vya chuma kwa abiria. Magari mamilioni ya Toyota, Honda, Nissan, Subaru na mengineyo yaliitwa yakabadilishwe, lakini barua ya wito huenda kwa mmiliki aliyesajiliwa Japani, haivuki bahari pamoja na gari. Chukua namba ya chasisi, iingize kwenye ukurasa wa kampuni husika, utajua kama gari lako limo. Joto na unyevu wa Tanga, Unguja na Mombasa ndio hasa unaoharakisha uharibifu huo.

Mtu atasema: breki za dharura zinazojikamata zenyewe zimepunguza kwa kiasi cha nusu ajali za kugonga gari la mbele huko Marekani, kwa nini basi ziwe za mwisho? Takwimu hiyo naikubali, na kwenye foleni ya Mwenge au ya Thika Road ingetusaidia. Lakini msaada huo unategemea kamera iliyolengwa sawasawa. Kamera za EyeSight hukaa nyuma ya kioo cha mbele, na kioo kikibadilishwa sharti zipimwe na kulengwa upya. Kamera ikipinda digrii moja tu, kwa umbali wa mita 50 imekosea kwa karibu sentimita 87, na hapo ndipo anapopita mwenda kwa miguu. Mangapi kati ya magari yaliyovunjwa kioo na jiwe yamelengwa upya? Ngao ya chuma iliyofungwa mbele nayo inaweza kuziba rada. Mfumo wa kulinda njia unatafuta mistari, na barabara zetu nyingi mistari imefutika. Tena onyo la hitilafu huja kwa maandishi ya Kijapani, na dereva asiyeyasoma ataendelea kuamini msaada ambao haupo.

Wengine watasema dereva mzuri hahitaji hata kimoja kati ya hivi. Dereva mzuri ni wa lazima, na mwendo ndio mwanzo wa kila kitu: kutoka kilomita 80 hadi 100 kwa saa, nguvu ya kugonga huongezeka kwa zaidi ya nusu. Ila dereva ana pedali moja ya breki. Hawezi, hata awe hodari vipi, kufunga gurudumu la nyuma la kulia peke yake.

Siku ya kukagua gari, washa swichi bila kuwasha injini. Taa za ABS, mfuko wa hewa na ESC, ile yenye kigari na mistari iliyopinda nyuma yake, zote ziwake. Washa injini, zizimike ndani ya sekunde chache. Taa ikibaki inawaka, kuna hitilafu, na fundi mwenye mashine anaweza kukwambia ni nini, ukapunguziwa bei kwa haki. Taa isiyowaka kabisa ni mbaya zaidi, kwa sababu huenda kuna aliyeichomoa ili usione. Gari hilo liache hapohapo yadi, hata likiwa na kamera zake zote.