EKRA GANI INATUFAA?

Katika chumba cha ordinatere tunakaa wanne wanne mbele ya ekra moja. Yule wa katikati anaona vizuri. Wa pembeni wanaona rangi zimefifia, na mwenye kukaa chini kwa kukosa kiti anaona paka giza. Tulifikiri macho yetu ni magonjwa. Hapana, ni aina ya ekra. Na sasa, kwa kuwa franka za kununua zingine ziko karibu kutimia, inafaa tujue mbele ya kwenda kwa mchuuzi.

Ekra ya namna hii haitoi mwanga yenyewe. Nyuma kuna taa. Mbele ya taa kuna vioo viwili, na kati yao kristali za majimaji. Umeme unazigeuza, nazo zinapitisha mwanga ao kuuzuia. Namna zinavyogeuka, ndiyo inafanya aina.

Katika TN, iliyovumbuliwa Uswisi mwaka 1970, kristali zimesokotwa kama kamba. Bei yake ni ndogo na picha inabadilika upesi, lakini ukiangalia kutoka chini weupe unakuwa giza. Ndiyo ile yetu! IPS ilitoka kwa Hitachi ya Japani katika 1996. Humo kristali zinageuka zikiwa zimelala sambamba na kioo, basi hata wa pembeni anaona rangi karibu ileile. Katika VA zinasimama wima na kufunga mwanga. Weusi wake ni weusi kweli: weupe unaupita mara 3000 hivi, wakati TN na IPS ni karibu mara 1000. Ni nzuri kwa filamu ya usiku, lakini pembeni inapauka kidogo.

Mchuuzi mara nyingi hajui aina. Tusome karton: 178/178 ni IPS ao VA; 170/160 ni TN. Kama karton haiko, tuombe aiwashe, mmoja wetu achuchumae mbele yake. Akikataa kuwasha, tumwachie mali yake.

Wenzetu fulani wanasema afadhali TN tatu kuliko IPS mbili. Tuhesabu pamoja: TN inafaa watu wawili, basi tatu ni watu sita. IPS mbili, wanne kwa kila moja, ni wanane. Ile TN ya zamani iende kwa biro ya sekretere. Yeye anakaa peke yake, tena katikati.