Siku Moja Kabla ya Upepo

SABATO MCHANA

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Mt. 7:24–27, Mdo. 27:9–44, Ebr. 11:7, Kut. 18:17–23; 1 Kor. 14:8, 9, Eze. 33:1–6; Luka 13:1–5; Mdo. 28:1–10.

Fungu la Kukariri: Mithali 22:3.

Tulang Diyot ni kisiwa kidogo katika visiwa vya Camotes, mkoa wa Cebu, nchini Ufilipino. Jina lake katika lugha ya Kisebuano lina maana ya "Tulang Ndogo." Mnamo Novemba 2013 waliishi humo watu wapatao 1,000. Kimbunga Haiyan, ambacho Wafilipino hukiita Yolanda, kilipopita, nyumba zote za kisiwa hicho, zipatazo 500, ziliharibiwa. Hata hivyo, hakuna mkazi hata mmoja aliyekufa. Upepo ulikuta nyumba tupu, kwa kuwa watu wote walikuwa wamehamishwa siku iliyotangulia.

Somo la juma hili linachunguza siku hiyo moja. Ni nini humfanya mtu aache nyumba yake ingali imesimama?

JUMAPILI: Bahari Inapoingia Nchi Kavu

Haiyan ni miongoni mwa vimbunga vyenye nguvu kuliko vyote vilivyowahi kurekodiwa vikifika nchi kavu. Upepo wake ulikadiriwa kufikia kilometa 315 kwa saa. Kabla ya mapambazuko ya Ijumaa, tarehe 8 Novemba, kilifika Guiuan katika kisiwa cha Samar, kisha kikavuka visiwa vya katikati ya nchi kuelekea magharibi. Zaidi ya watu 6,000 walipoteza maisha.

Wengi wao waliuawa na maji. Kimbunga huisukuma bahari mbele yake, na panapokuwa na ghuba yenye kina kifupi, maji hayana pa kwenda ila juu ya nchi kavu. Katika mji wa Tacloban maji yalipanda meta kadhaa na kuzoa mitaa mizima.

*Soma Mathayo 7:24–27. Nyumba zile mbili zinafanana katika mambo gani, na zinatofautiana wapi?*

Mvua, mafuriko na pepo vilizipiga nyumba zote mbili. Yesu hakusema kwamba mwenye hekima hatafikiwa na dhoruba. Tofauti ilikuwa katika kazi iliyofanyika mapema, wakati ambapo kwa macho nyumba zote mbili zilionekana kuwa salama.

JUMATATU: Upepo wa Kusini Ulipovuma Polepole

*Soma Matendo 27:9–20. Kwa nini onyo la Paulo halikusikilizwa?*

Akida alikuwa na sababu zake. Nahodha na mwenye merikebu walikuwa na uzoefu wa bahari, bandari haikufaa kukaa wakati wa baridi, na wengi walitaka kuondoka. Kisha upepo wa kusini ukavuma polepole, wakadhani wamepata walichokitaka. Utulivu huo mfupi uliwadanganya kuliko maneno ya mtu yeyote. Muda si mrefu tufani ikawashukia.

Mwenyeji wa kisiwa kidogo anaijua hatari hiyo. Hana bara la kukimbilia. Njia yake ni bahari, na bahari hufunga njia kabla kimbunga chenyewe hakijafika. Akingoja mpaka uvumi wa upepo umshawishi, mashua haitavuka tena. Ndiyo maana viongozi wa eneo la Tulang Diyot, akiwemo meya wa zamani Alfredo Arquillano, waliamua kuwahamisha watu wote mapema, wakati bahari ilikuwa bado inapitika.

*Soma Waebrania 11:7. Nuhu aliongozwa na nini kabla ya kuona tone la gharika?*

JUMANNE: Watu Kumi Kumi

Kuhamisha watu 1,000 kwa muda mfupi si jambo linaloanza siku hiyo hiyo. Kisiwa hicho kiko chini ya mji wa San Francisco, ambao kwa miaka kadhaa ulikuwa umewapanga wakazi wake katika vikundi vya majirani viitwavyo *purok*. Kila kikundi hukutana, hujadili shida zake na huchanga fedha kidogo kidogo kwa ajili ya dharura. Mwaka 2011, miaka miwili kabla ya Haiyan, Umoja wa Mataifa uliupa mji huo Tuzo ya Sasakawa kwa kazi yake ya kupunguza madhara ya majanga.

Wasomaji wa Tanzania na Kenya watakumbuka mpango wa nyumba kumi. Katika kikundi kidogo watu hujuana. Hufahamika ni bibi yupi hawezi kutembea, ni mama yupi amejifungua juzi, na ni nani atakayekataa kuondoka mpaka aitwe na mtu anayemwamini.

*Soma Kutoka 18:17–23. Ushauri wa Yethro ungeusaidiaje mtaa wakati wa hatari?*

Darasa la Shule ya Sabato nalo ni kikundi kidogo. Darasa linaloweka alama ya mahudhurio tu, bila kujua kwa nini mtu hakufika, halijajiandaa kwa siku ya tufani.

JUMATANO: Sauti Isiyojulikana

Katika Tacloban pia onyo lilitolewa. Lakini watu wengi walisema baadaye kwamba hawakuelewa maneno ya kitaalamu yaliyotumiwa kueleza jinsi bahari itakavyopanda. Walijiandaa kwa upepo na mvua, mambo waliyoyazoea. Baadhi walisema kwamba kama wangeambiwa ni kama tsunami, wangekimbia.

*Soma 1 Wakorintho 14:8, 9 na Ezekieli 33:1–6. Mlinzi ana wajibu gani zaidi ya kupiga tarumbeta?*

Paulo anauliza ni nani atajiandaa kwa vita ikiwa tarumbeta inatoa sauti isiyojulikana. Anayeonya hajamaliza kazi mpaka aliyeonywa ameelewa. Jambo hili linawahusu watabiri wa hali ya hewa, na linawahusu pia wote wahubirio marejeo ya Kristo.

Hapa ipo hatari nyingine. Baadhi ya waliokufa walikuwa wametii kabisa. Walikwenda kwenye majengo yaliyotengwa kuwa makimbilio, na maji yakawafuata humo.

*Soma Luka 13:1–5. Yesu anakataza hukumu gani juu ya wale walioangukiwa na mnara?*

ALHAMISI: Walikosa Merikebu, Wakapata Kisiwa

*Soma Matendo 27:21–44. Ni nini kilichoahidiwa, na ni nini ambacho hakikuahidiwa?*

Paulo aliwaambia wenzake kwamba hakuna nafsi itakayopotea, ila merikebu tu. Ndivyo ilivyokuwa. Watu wote 276 walifika pwani, wengine wakiogelea, wengine juu ya mbao. Waliokolewa wakiwa mikono mitupu.

Watu wa Tulang Diyot nao walibaki hai, huku makao yao yakiwa vifusi. Kote njiani mwa kimbunga mamilioni ya minazi yaling'oka au kuvunjika, na watu wa pwani wanajua mnazi huchukua miaka mingapi kuzaa. Kuokoka kulikuwa mwanzo wa kazi ndefu.

*Soma Matendo 28:1–10.* Wenyeji wa Malta waliwasha moto kwanza kwa sababu ya mvua na baridi. Nyoka alipomwuma Paulo, walimdhania kuwa mwuaji anayefuatwa na adhabu. Walikosea katika kumhukumu, lakini moto wao ulikuwa sahihi. Aliyepoteza nyumba anahitaji moto kabla ya maelezo.

IJUMAA: Kwa Kujifunza Zaidi

Haiyan kilifika siku ya Ijumaa, siku ya Maandalio. Kila familia itunzayo Sabato inajua kwamba jua halisubiri chakula kiive wala nguo zipigwe pasi. Kinachofanyika mapema hufanyika kwa amani. Kinachoachwa hadi jioni hufanyika kwa hofu, au hakifanyiki kabisa. Maonyo ya Mungu ni rehema ya namna hiyo: humpa mtu muda wa kutenda kabla ya kulazimika.

Maswali ya Kujadili:

1. Ni jambo gani ambalo ungeona vigumu kuliacha nyumbani kama ungeambiwa uondoke leo, na anga ni shwari? Jibu lako linakuonyesha nini?

2. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilikaribia pwani ya Tanzania na kisiwa cha Mafia. Kama onyo kama hilo lingetolewa juma hili, ni nani katika darasa lenu angehitaji kubebwa, na ni nani angekwenda kumchukua?

3. Utamwambia nini mtu aliyetii kila onyo na bado akampoteza mpendwa wake? Ni maneno gani ni afadhali yasisemwe?