HOMA YA MAPAFU YA MBUZI: TAMBUA KIKOHOZI KABLA YA KUCHOMA SINDANO

Ndugu mfugaji, mbuzi mmoja akikohoa huenda ni vumbi tu. Wakikohoa watatu au wanne ndani ya wiki moja, wana homa na wanabaki nyuma malishoni, usingoje. Huenda ni homa ya mapafu ya mbuzi, ambayo Wamaasai huiita olkipiei. Katika kundi lisilochanjwa inaweza kuua zaidi ya nusu ya mbuzi, na hapo maziwa ya watoto na ada ya shule huondoka pamoja nao.

Chanzo na kuenea
Ugonjwa huletwa na bakteria wadogo sana waitwao mikoplasma. Mgonjwa akikohoa, mbuzi aliye karibu huvuta vimelea kwa pumzi. Ndiyo maana huenea haraka kwenye boma lililobanana na mnadani. Dalili huanza baada ya siku 6 hadi 10, wakati mwingine hata wiki 3 au 4. Hivyo mbuzi uliyemnunua akionekana mzima anaweza kuugua akiwa kwako. Binadamu haambukizwi.

Dalili
• Homa kali, nyuzi 41 au zaidi
• Kukohoa, hasa anapokimbizwa
• Kupumua haraka na kwa shida, akikoroma
• Kusimama akiwa ametanua miguu ya mbele na kunyoosha shingo
• Kamasi puani na povu mdomoni
• Kuacha kula, kisha kufa

Ukimchinja mgonjwa, angalia kifua. Mara nyingi pafu la upande mmoja limekuwa gumu kama ini na kugandamana na mbavu, na kuna maji ya manjano. Lakini mnyama aliyekufa ghafla akitoka damu puani au sehemu ya haja kubwa usimpasue: huenda ni kimeta, ambacho huua watu.

Usichanganye na magonjwa haya
Sotoka ya mbuzi na kondoo: kuna vidonda mdomoni, tongotongo na kuhara, na kondoo pia huugua. Husababishwa na virusi, hivyo hakuna dawa ya kuviua.
Minyoo ya mapafu: mbuzi hukohoa muda mrefu na kukonda polepole, kwa kawaida bila homa. Huyu anahitaji dawa ya minyoo.

Tiba
Mwite mtaalamu wa mifugo mapema, kabla mbuzi hajalala chini. Penisilini haisaidii: huua bakteria kwa kuharibu ukuta wao, na mikoplasma hawana ukuta huo. Dawa zinazofaa ni tailosini au oksitetrasaiklini (OTC). OTC ya asilimia 20 ni mililita 1 kwa kila kilo 10 za uzito. Mbuzi wa kilo 30 apate mililita 3. Usipunguze dozi ili chupa itoshe kundi zima. Mbuzi aliyepewa dozi ndogo anaweza kupata nafuu huku akiendelea kuambukiza wenzake. Usinywe maziwa wala kula nyama yake hadi siku zilizoandikwa kwenye chupa ziishe.

Kinga
1. Chanja mbuzi wote wazima kila mwaka. Chanjo si tiba, usimchanje mgonjwa.
2. Chanjo ikae kwenye kisanduku chenye barafu, isiachwe juani wala isigande.
3. Mbuzi wa kununua au wa kupewa akae peke yake wiki 4, asichangamane na wenzake malishoni wala kwenye maji.
4. Tenga wagonjwa siku hiyo hiyo, na usiwapeleke mnadani. Ukimuuza mgonjwa leo, umeipelekea familia nyingine msiba, na kesho utarudi kwako kupitia kisima mnachoshiriki.
5. Panua boma, ondoa samadi, na wakinge watoto wa mbuzi na mvua na baridi.

Ukiona dalili hizi, mpe taarifa mtaalamu wa mifugo na majirani mnaochunga pamoja siku hiyo hiyo. Mkichanja na kutenga kwa pamoja, ugonjwa hukosa pa kupita.