SOMO LA AFYA: DAWA ZA PRESHA HUFANYA NINI NDANI YA MISHIPA?



Wengi wenu mna jamaa wanaoishi Makindye, huko Kampala: Katwe, Nsambya, Kansanga au Kabalagala. Mtu hutoka Nakivale au Kyangwali kwenda kuwatembelea, hukaa majuma mawili matatu, na vidonge vyake vya presha vinabaki nyumbani. Kwa kuwa hasikii maumivu yo yote, anasema, "Nimepona." Somo hili linaeleza kwa nini hajapona, na vidonge vile vilikuwa na kazi gani.

Moyo husukuma damu katika mishipa mikubwa, kisha katika mishipa midogo sana. Ukuta wa mishipa hiyo midogo una misuli. Misuli ikikaza, njia ya damu huwa nyembamba na presha hupanda. Ikilegea, njia hupanuka na presha hushuka. Kila mwenye kuchota maji kwa mpira anajua jambo hili: ukibana mpira kwa kidole, sehemu ya nyuma ya kidole hujaa na kuwa ngumu, ukiachia, hulainika. Presha ikipimwa siku mbalimbali na ikawa 140 juu au 90 chini, au zaidi, hiyo ni presha ya kupanda.

Sasa dawa. Ili misuli ya mshipa ikaze, ni lazima kalsiamu iingie ndani yake kwa kupitia vijilango vidogo mno. Amlodipini huviziba vijilango hivyo. Misuli hukosa nguvu ya kukaza, na mshipa hupanuka. Nifedipini ni ndugu yake. Kwa sababu mishipa imefunguka, watu wengine huvimba vifundo vya miguu au huumwa kichwa. Mwambie daktari, usiache dawa kwa uamuzi wako.

Kaptoprili, enalaprili na losartani hupita njia nyingine. Mwili wenyewe hutengeneza kitu kiitwacho anjiotensini, ambacho huiamuru mishipa ikaze. Kaptoprili na enalaprili huzuia kisitengenezwe. Losartani hukiacha kitengenezwe, lakini hukinyima mahali pa kushika. (Kaptoprili ilipatikana baada ya wataalamu kuchunguza sumu ya nyoka wa Brazil, ambayo hushusha presha ghafula!) Kaptoprili na enalaprili huweza kuleta kikohozi kikavu, na wengine huingiwa na hofu ya kifua kikuu. Dawa hizi tatu humdhuru mtoto tumboni. Mama mjamzito aseme mapema, apewe dawa nyingine kama methildopa.

Dawa za kukojoza, kama haidroklorothiazidi, hutoa chumvi na maji kupitia figo, na baadaye husaidia mishipa kulegea.

Usishangae ukipewa aina mbili pamoja. Mwaka 2019 yalitolewa matokeo ya utafiti uliofanywa kwa wagonjwa Waafrika 728 katika nchi sita, Uganda na Kenya zikiwamo. Waliopewa amlodipini pamoja na dawa ya kukojoza, au pamoja na dawa ya jamii ya kaptoprili, walishuka presha kuliko waliopewa hizo mbili bila amlodipini.

Lakini hakuna hata moja kati ya dawa hizi inayobadilisha mshipa moja kwa moja. Amlodipini huondoka mwilini polepole, ndiyo maana kidonge kimoja kwa siku kinatosha, na huchukua kama juma zima kufikia nguvu yake kamili. Kaptoprili huisha kwa saa chache tu, kwa hiyo humezwa mara mbili au tatu kwa siku. Ukiacha, vijilango hufunguka tena, misuli hukaza, na presha hurudi kimya kimya. Mshipa wa ubongo huweza kupasuka au kuziba. Hicho ndicho kiharusi. Figo na moyo pia huharibika.

Na aliyesahau asimeze vidonge vingi ili kufidia. Wala asitoboe kidonge cha nifedipini chini ya ulimi, kama ilivyokuwa desturi zamani: presha huanguka ghafula, na ubongo na moyo hukosa damu.

Kabla ya safari, nenda zahanati uombe vidonge vya siku zote utakazokuwa huko. Beba daftari lako la matibabu. Vikikuishia Makindye, kipo kituo cha afya cha serikali Kisugu. Onyesha daftari na pakiti tupu, ili upewe dawa ile ile. Mtu akipinda mdomo, akilegea mkono mmoja au akishindwa kutamka maneno, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, usiku au mchana.