Tutengeneze Mchanganyiko wa Matunda

Msimu wa maembe huku Kibiti na delta ya Rufiji, maembe mengi huozea chini ya miti. Tuwape watoto wetu! Embe na papai vina vitamini A, inayolinda macho.

Mahitaji: maembe 2, papai dogo 1, ndizi mbivu 3, machungwa 2.

1. Nawa mikono kwa sabuni.
2. Osha matunda, kisu na bakuli kwa maji yaliyochemshwa. Maji ya mto yasiyochemshwa huweza kuleta kipindupindu.
3. Menya, katakata vipande vidogo.
4. Kamulia machungwa juu yake, ndizi zisiwe nyeusi upesi.
5. Funika, nzi wasitue. Tule siku hiyo hiyo.

Sukari ya nini? Embe lenyewe tamu.

Swali: Kwa nini tunachemsha maji?